Mlengwa wa TASAF: namna ya kutoa taarifa za kaya ili ruzuku isikatwe (Mtwara na Lindi)

Malipo yakikaribia, maswali ni yale yale. Mbona safari hii nimepata pungufu? Mtoto kahamia kwa mjomba wake Masasi, ruzuku yake itakuwaje? Mama aliyekuwa anapokea amefariki, sasa nani aende? Laini imefungwa, pesa imekwenda wapi?

Mwongozo huu ni wa kaya zilizoandikishwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), na ni wa vijana wanaowafuatilizia bibi na mama zao. Mifano nimeitoa huku kwetu, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, kwa sababu mambo yanayotupunguzia ruzuku ni ya huku kwetu: msimu wa korosho na ufuta, jando na unyago, watoto kulelewa upande wa mama, wavuvi kwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani.

Kwanza elewa jambo moja, mengine yote yatakuwa mepesi. Ruzuku ina sehemu ya msingi, ambayo kaya hupata kwa kuwa ni kaya ya mlengwa, na sehemu yenye masharti, inayotokana na watoto kuhudhuria shule na kliniki. Malipo yamepangwa kufanyika kila baada ya miezi miwili. Kabla ya malipo, fomu zenye majina ya watoto hupelekwa shuleni na zahanati. Mwalimu na muuguzi hujaza nani kahudhuria na nani hakuhudhuria, fomu zinarudi halmashauri, zinaingizwa kwenye mfumo, na mfumo ndio unaopanga kiasi cha kila kaya. Mtoto wako akihama shule bila taarifa, jina lake linabaki kwenye fomu ya shule ya zamani. Mwalimu wa kule hamwoni darasani, anajaza kwamba hakuhudhuria, na hapo hajakuonea. Ruzuku inapungua ilhali mtoto anasoma kila siku shule nyingine.

Malalamiko mengi ninayoyasikia yana chanzo hicho: nyumbani pana jambo moja, kwenye fomu pana jingine.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Kadi ya mlengwa yenye namba ya kaya.
- Namba ya NIDA ya mpokea ruzuku, na ya mtu wa pili anayeweza kupokea kwa niaba yake.
- Kadi za kliniki za watoto wote walio chini ya miaka mitano, na kadi ya mjamzito kama yupo nyumbani.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama hakuna cheti, tangazo la kizazi ulilopewa hospitali.
- Jina la shule, darasa, na jina la mwalimu wa darasa wa kila mwanafunzi.
- Namba ya simu inayopokelea ruzuku, kama kaya yako inalipwa kwa simu.
- Namba za simu za watu watatu: mjumbe wa Kamati ya Usimamizi ya Jamii (hiyo ambayo wengi tunaiita CMC), mtendaji wa kijiji au mtaa, na mwezeshaji wa TASAF anayekuja kijijini kwenu.
- Daftari moja na kalamu. Daftari la mtoto la shule lisitumike kwa kazi hii, litachanwa.

Vyote hivi viwe ndani ya mfuko mmoja wa nailoni, uning'inizwe juu. Kadi za kliniki nyingi nilizoziona zimeharibika ziliwekwa chini ya godoro au nyuma ya sanduku ukutani, na mchwa wakazila kuanzia pembeni, pale pale penye tarehe.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa: mtoto wa chini ya miaka mitano anasajiliwa na kupewa cheti bila malipo, kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata. Utaratibu huo wa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, uliingia Mtwara na Lindi mwaka 2017. Usisubiri mtoto afikishe miaka sita ndipo uanze kuhangaika.

HATUA KWA HATUA

1. Hakikisha unajua kilichoandikwa kuhusu kaya yako

Nenda kwa mjumbe wa CMC au umsubiri mwezeshaji siku ya kikao, umwombe akusomee taarifa za kaya yako kama zilivyo. Usikubali jibu la "uko vizuri tu". Unataka kusikia majina yenyewe, mtu mmoja mmoja: nani mkuu wa kaya, nani mpokea ruzuku, watoto wangapi, kila mmoja kaandikwa shule gani na darasa gani, na wale wadogo wanahudhuria kliniki ipi.

Andika anachosoma, kisha linganisha na hali ya nyumbani. Utashangaa. Kuna kijana ambaye bado anasomeka yuko darasa la tano na sasa yuko kidato cha pili. Kuna mtoto aliyezaliwa miaka mitatu iliyopita na hayumo kabisa.

Angalia sana majina. Huku kwetu mtoto mmoja anaweza kuwa na majina matatu. Nyumbani anaitwa Somoe, shuleni kaandikishwa Zainabu, akitoka unyagoni kapewa jina jingine. Wavulana wakitoka jandoni ndivyo hivyo hivyo. Jina la jandoni libaki la nyumbani na la heshima yake, lakini jina la shuleni, la cheti na la fomu ya TASAF yawe moja, herufi kwa herufi. Mwalimu akipewa fomu yenye jina ambalo halimo kwenye rejesta, hana namna ya kujua kwamba ndiye yule yule.

2. Fungua daftari la kaya

Ukurasa wa kwanza andika namba ya kaya na majina ya wote. Kurasa zinazofuata ni za taarifa tu. Kila unapotoa taarifa kwa mtu yeyote, andika tarehe, jambo, uliyempa, na alichojibu. Mfano:

"9 Machi. Nimempa mjumbe wa kamati taarifa kwamba Hamisi amehamia shule ya kule kwa mjomba wake, darasa la nne. Nimempa na nakala ya barua ya uhamisho. Amesema atampa mwezeshaji kwenye kikao cha mwisho wa mwezi."

Mistari mitatu tu. Ukienda halmashauri na mistari hiyo, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Bila daftari utasema "nilishasema", mjumbe atasema "sikumbuki", na hakuna wa kuamua. Kama hujui kuandika, mwombe mjukuu aandike ukiwa umekaa naye, kisha akusomee.

3. Fuatilia shule kila mwezi, usingoje fomu ijazwe

Sharti ni mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kwa hesabu ya nyumbani: mwezi ukiwa na siku 20 za masomo, awe amefika siku 16. Siku nne za kukosa ndiyo mwisho. Kwa miezi miwili yenye siku 40, mwisho ni siku nane.

Siku nane zinaisha upesi kuliko unavyodhani. Ijumaa hii mtoto kabaki kumwangalia mdogo wake, wiki inayofuata kaenda mnadani na baba yake, kisha mvua imekatisha njia siku tatu. Hapo zimebaki tatu tu.

Mara moja kwa mwezi pita shuleni umwone mwalimu wa darasa. Usiende na malalamiko, nenda kuuliza:

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mlezi wa Zainabu wa darasa la tatu, sisi ni walengwa wa TASAF. Naomba unitazamie kwenye rejesta, mwezi huu kakosa siku ngapi?"

Walimu wengi wanafurahi mzazi akija hivyo. Na ndipo utakapogundua jambo ambalo hukulijua: mtoto anaaga kila asubuhi lakini shuleni hafiki.

Mtoto akiugua, usimwache mwalimu abahatishe. Mpelekee karatasi ya zahanati wiki hiyo hiyo, au mtume mwenzake na ujumbe, ili kwenye rejesta aandikwe mgonjwa. Ukipeleka karatasi baada ya fomu kurudi halmashauri, umechelewa kwa malipo hayo.

Mtoto wa darasa la saba ana habari yake. Akishafanya mtihani wa Septemba anakaa nyumbani hadi Januari. Akichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, fomu haitamfuata yenyewe. Ni wewe wa kutoa taarifa ya shule mpya, wiki ya kwanza aliyoripoti. Ruzuku nyingi za Januari hadi Machi hupotelea hapa, wakati ambao kaya inaihitaji kwa sare na madaftari.

4. Kliniki: fuata tarehe iliyoandikwa kwenye kadi

Mtoto mchanga apelekwe kila mwezi. Mkubwa kidogo anapangiwa tarehe zake na muuguzi, nazo huandikwa kwenye kadi. Fuata hiyo tarehe, usifuate ya jirani. Mjamzito naye ahudhurie kwa tarehe alizopangiwa na kadi yake ibaki naye.

Kabla hujaondoka kliniki, fungua kadi pale pale ukague mambo mawili: uzito wa leo umeandikwa, na tarehe ya kurudi imeandikwa. Kisha muulize muuguzi kama jina la mtoto lipo kwenye fomu ya TASAF ya zahanati hiyo. Kama umejifungulia hospitali ya Ndanda au Nyangao na sasa unapeleka mtoto zahanati ya kijijini, jina lake halitaonekana kijijini mpaka useme.

5. Toa taarifa ya kila badiliko, ukiwa na ushahidi

Mabadiliko yanayotakiwa kusemwa ni haya:

- Mtoto kazaliwa.
- Mtu wa kaya kafariki.
- Mtoto kahamia kaya nyingine, au mtoto mwingine kaletwa kwako.
- Mtoto kabadili shule, kamaliza shule, au kaacha.
- Kuna mjamzito.
- Mtu kaoa, kaolewa au kaachika akarudi nyumbani.
- Mpokea ruzuku kabadilika, au namba ya simu imebadilika.
- Kaya nzima inahama kijiji.

Mpe mjumbe wa CMC taarifa kwanza. Kuna fomu ya kuhuisha taarifa za kaya, na kazi yako ni kuhakikisha imejazwa mbele yako, umesomewa, na umeweka sahihi au dole gumba. Kumwambia mjumbe mkiwa njiani kuelekea kisimani hakutoshi, hata kama ni shemeji yako.

Suala la watoto kuhama kaya nalisema kwa urefu kidogo, maana ndilo linalotusumbua zaidi huku. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, mtoto ni wa ukoo wa mama. Ndoa ikivunjika, au shule ikiwa mbali, mtoto anakwenda kwa bibi mzaa mama au kwa mjomba, na hakuna anayeona kwamba kuna jambo la kuandika. Kaya ile alikotoka inaendelea kusomeka ina mtoto huyo. Kaya anakolelewa, ambako ndiko anakokula na kununuliwa kalamu, haina jina lake.

Fanya hivi. Kama mtoto amehama kabisa, kaya aliyotoka itoe taarifa ya kumwondoa, na kaya anakokwenda, kama nayo ni ya mlengwa, itoe taarifa ya kumwingiza. Zote mbili zifanye hivyo kipindi kimoja. Mtoto mmoja kusomeka kwenye kaya mbili kunaleta matatizo kwa kaya zote mbili wakati wa uhakiki. Kama amekwenda kwa muda tu, labda muhula mmoja, bado shule imebadilika, kwa hiyo taarifa ya shule lazima itolewe. Chukua barua ya uhamisho kwa mwalimu mkuu, uweke nakala kwenye mfuko wako wa nailoni. Kaeni kama ndugu mkubaliane nani anabaki na mtoto kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa mjumbe, maana mjumbe hawezi kuwaamulia mambo ya ukoo.

Kifo nacho ni kizito kusema, lakini kiseme mapema. Kuendelea kupokea kwa jina la marehemu ni udanganyifu, na pesa hiyo inaweza kudaiwa irudishwe na watu ambao tayari wana msiba. Baada ya mazishi, mtu mmoja wa familia aende na uthibitisho wa kifo kutoka hospitali au barua ya mtendaji, aanze utaratibu. Cheti cha kifo cha RITA kifuatwe baadaye.

Kuhama kijiji: usihame kimya kimya. Muone mtendaji akupe barua, mwambie mjumbe wa kijiji unachotoka, na ukifika ujitambulishe kwa mtendaji na kamati ya kule. Mwezeshaji wa pande zote mbili ajue. Ukinyamaza, uhakiki ukifanyika utaandikwa "kaya haipo".

6. Weka sawa mpokea ruzuku na simu

Mpango unapendelea mpokea ruzuku awe mwanamke wa kaya. Pamoja naye, hakikisha mtu wa pili ameandikwa, mtu mzima wa kaya hiyo hiyo, mwenye namba ya NIDA. Bibi anayeishi na wajukuu wadogo tu anasahau hili kwa sababu hana wa kumwandika. Azungumze na kamati mapema, akiwa bado mzima.

Kama mnalipwa kwa simu, laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho na alama ya kidole cha mpokea ruzuku mwenyewe. Laini ya mtoto wake aliyeko Dar es Salaam haifai, hata kama ndiye aliyeinunua. Ili kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, piga *106# ufuate maelekezo.

Namba ya siri ni ya mpokeaji peke yake. Najua bibi wengi wanamwachia mjukuu au wakala afanye kila kitu. Angalau bibi ajue kiasi kilichoingia kabla hakijatolewa: asomewe ujumbe wa simu kwa sauti, na mtu mwingine akiwepo. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inafungwa, kwa hiyo itumieni hata kwa kupiga simu moja moja.

7. Panga kabla ya msimu

Kwenye korosho watu wanahamia shambani kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Kule Ruangwa, Nachingwea na Liwale ufuta unavunwa katikati ya mwaka. Wavuvi wa Kilwa na Mikindani wanakwenda dago kwa miezi. Haya ni maisha yetu na hakuna anayekuzuia, ila kabla ya kuondoka jibu maswali matatu. Mtoto wa shule analala kwa nani? Tarehe ya kliniki ikifika, nani anampeleka mdogo, na kadi iko kwake? Simu ya mjumbe ikipigwa kuna uhakiki au malipo, inapokelewa na nani?

Kama mdogo yuko nawe shambani na kuna zahanati karibu, mpeleke huko akapimwe na kadi ijazwe. Ukirudi, mwonyeshe kadi muuguzi wa kijijini.

Jando na unyago viwekwe kwenye likizo ya katikati ya mwaka au ya Desemba. Viongozi wa wilaya huku wamekuwa wakilisisitiza hilo kwa sababu ya masomo, nami naliunga mkono kwa moyo wote, maana mwali akifundwa wakati wa likizo hapotezi siku hata moja darasani. Tatizo ni sherehe inayoanza likizoni ikaisha wiki mbili baada ya shule kufunguliwa. Hizo wiki mbili ni siku kumi, na siku kumi kati ya 40 zimeshavuka kikomo. Kubalianeni na ngariba na makungwi wa unyago tarehe ya watoto kutoka, si ya kuingia tu.

8. Siku ya malipo, hesabu kabla hujaondoka

Hesabu pesa mbele ya mlipaji au soma ujumbe wa simu. Andika kiasi na tarehe kwenye daftari. Wakati mwingine malipo huchelewa na ya vipindi viwili yakaja pamoja, kwa hiyo uliza malipo haya ni ya miezi gani na uandike hiyo miezi. Usipoandika, miezi miwili ijayo hutajua kama umepungukiwa au ile ya mwanzo ilikuwa ya vipindi viwili.

Kama kaya yako ina mtu kwenye ajira za muda, zile kazi za miradi ya jamii wanazolipwa walengwa, hiyo ni hesabu tofauti na ruzuku. Jina lake liitwe na liandikwe kwenye mahudhurio kila siku aliyofanya kazi. Akiugua, msitume mtu mwingine aitikie jina lake. Toeni taarifa abadilishwe.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kulipia huduma. Kujaziwa fomu ya taarifa ni bure. Kuongezwa mtoto ni bure. Hakuna "ya soda" wala "ya mafuta ya pikipiki", na hakuna mtu mwenye haki ya kukukata mchango wowote kwa nguvu pale pale kwenye malipo. Anayekudai, mtaje kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, au piga TAKUKURU namba 113, ni bure.

Kuficha badiliko kwa hofu ya kutolewa. Wengi wanaogopa kusema kwamba kijana kaolewa au kamaliza shule. Kaya haitolewi kwa sababu imesema ukweli kuhusu mtoto mmoja. Inayopata shida ni ile inayokutwa na mambo tofauti wakati wa uhakiki.

Kutohudhuria vikao vya walengwa. Tarehe za uhakiki, mabadiliko ya njia ya malipo, tathmini ya kaya, yote yanatangazwa pale. Kama huwezi kwenda, mtume mtu mzima wa kaya, usimtume mtoto.

Kutoa karatasi halisi. Mpe nakala. Kadi ya kliniki au cheti halisi ukikitoa kikaenda halmashauri, kukipata tena ni kazi.

MAMBO YAKIKWAMA

Nimepata pungufu. Anzia shuleni na kliniki. Uliza ni mtoto gani alijazwa kwamba hakuhudhuria. Kama ni kweli kakosa, ruzuku ya kipindi hicho ndiyo imeshakatwa, rekebisha kipindi hiki. Kama si kweli, mwombe mwalimu au muuguzi akuandikie maelezo mafupi yenye mhuri, uende nayo kwa mjumbe na ujaze fomu ya malalamiko. Bila karatasi ya mwalimu, malalamiko yako yatazunguka tu.

Pesa haikuingia kabisa na wenzangu wamepata. Angalia kwanza kama laini iko hewani na usajili wake uko sawa. Kisha muulize mjumbe kama jina lako lilikuwepo kwenye orodha ya malipo. Hayo ni matatizo mawili tofauti. Jina likiwepo na pesa haikufika, ni suala la simu au benki. Jina lisipokuwepo, ni suala la taarifa za kaya, na dukani kwa wakala hutapata msaada wowote.

Vidole havisomi. Wazee waliobangua korosho na kushika jembe miaka mingi, alama zao zimefutika. Usimburuze bibi kwa mawakala watano. Mnaweza kujaribu vidole vingine baada ya kuosha mikono na kuikausha. Ikishindikana, zungumzeni na mwezeshaji kuhusu mtu wa pili wa kupokea.

Nimesahau namba ya NIDA. Piga *152*00# ufuate maelekezo ya huduma za utambulisho, au nenda ofisi ya NIDA ya wilaya ukiwa na majina yote matatu na tarehe ya kuzaliwa kama ulivyoandika kwenye fomu.

Nimetoa taarifa na vipindi viwili vimepita, hakuna kilichobadilika. Chukua daftari lako, mwonyeshe mtendaji wa kijiji mistari yenye tarehe, umwombe barua ya kukutambulisha kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Ukifika halmashauri, omba akufungulie taarifa za kaya kwenye mfumo mbele yako. Pale ndipo utajua kama fomu ilifika au ilibaki kijijini. Kama ilibaki kijijini, omba ijazwe nyingine siku hiyo hiyo, na uandike jina na cheo cha aliyeipokea.

Nimeambiwa kaya yangu imehitimu (yaani imeonekana inaweza kujitegemea) au imetolewa, na sielewi kwa nini. Omba uambiwe sababu yenyewe: ni matokeo ya tathmini, ni kuandikwa kwamba umehama, au ni kutokuwepo siku ya uhakiki. Kila moja ina njia yake. Aliyeandikwa kahama ilhali yupo, aende na mtendaji na mwenyekiti wa kijiji wamthibitishe kwa barua. Aliyekosa uhakiki kwa sababu ya ugonjwa au msiba, aende na karatasi ya hospitali au barua ya mtendaji. Asiyekubaliana na tathmini, ajaze fomu ya malalamiko mapema, na mkutano mkuu wa kijiji ukifika asimame aseme hali ya kaya yake mbele ya majirani wanaomjua. Mwenye aibu ya kusimama amwombe mtu amsemee, lakini yeye mwenyewe awepo pale, na jambo lake liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.